Kisigino cha Jouni

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, Jouni Hautala aliegesha gari la ofisi kando ya gati, akavaa glovu, akaingia ziwani kwa miguu. Barafu ilikuwa na unene wa vipande viwili vya mkate. Mtu wa kawaida hungoja ifike vidole vinne, na hata hapo husikilizia kila hatua. Jouni alitembea kama anayekwenda dukani. Keekee kubwa ya kutobolea aliiacha garini, kwa kuwa ingezama yenyewe na kumwacha amesimama juu. Alibeba fagio, rula ya mbao na mzigo wa matawi ya msonobari, akawa anafagia theluji, anapima, anachomeka tawi, anasogea mbele.

Kila majira ya baridi ofisi ya barabara hufungua njia ya magari juu ya ziwa, kutoka bara hadi kisiwa cha Honkasaari. Kabla ya hapo kuna wiki mbaya ambazo kivuko hakiwezi kupasua barafu, na barafu nayo haiwezi kubeba gari, na watu wa kisiwani hukaa kama waliosahauliwa. Theluji ni blanketi: ikiachwa juu ya barafu, barafu hulala ikiwa nyembamba, ikifagiwa mapema, hunenepa haraka. Kwa hiyo mwenye kuweza kuingia ziwani mapema ni mtu wa thamani, na hakuna aliyeingia mapema kama Jouni.

Wepesi wake haukuja kwa siku moja. Miaka michache nyuma barafu ilimkatikia akalowa hadi kiunoni. Pekka, dereva wa trekta la theluji, alimvuta nje, akamwambia, "Punguza maandazi, ndugu yangu. Ziwa limegoma kukubeba." Watu walicheka, na Jouni alicheka. Jioni ile hakula. Kesho yake aliacha maandazi, baadaye viazi, baadaye mkate, baadaye chakula chote cha mchana, na kila alichokiacha alijiambia anakiacha kwa ajili ya kazi. Ilikuwa sababu safi, ya kiume, ambayo hakuna aliyeihoji. Alipoanza kuota siagi na kuamka akitetemeka kwa hofu kwamba ameila, alijua kazi haihusiki tena. Lakini alikuwa akiishi peke yake ghorofani, juu ya benki iliyofungwa, na hakuwa na wa kumwambia. Kila Ijumaa aliwaokea wenzake maandazi ya iliki, akayaleta kwenye kibanda cha mapumziko yakiwa bado moto, akakaa kuwatazama wakila.

Majira ya baridi ya tatu aliacha kutoa nyayo. Sungura alikatiza barabara, nyayo zake zikaonekana. Jouni alipita papo hapo, theluji ikabaki kama ilivyoanguka. Siku za upepo wenzake walimfunga kamba kiunoni, ncha ya pili wakaifunga kwenye nguzo ya gati, na kamba ikaingizwa katika bajeti ya vifaa vya usalama. Muuguzi wa wafanyakazi alimpandisha kwenye mizani. Mshale haukutikisika. Akamwomba ashuke, apande tena, akaigonga mizani kwa kalamu, kisha akamwandikia kwamba anafaa. Kanuni za kazi ya barafu zilitaja uzito ambao mtu asiuzidi. Wa chini hazikuutaja.

"Una mwili wa kazi yako," muuguzi alimwambia.

Jouni alibaki kitini kidogo, akingoja aulizwe jambo jingine. Muuguzi alikuwa ameshamwita anayefuata.

Jumatatu ile ya Novemba alifika kisiwani kabla ya saa sita mchana. Nyumba ya kwanza kutoka ufukweni ni ya Helvi, mjane ambaye kila mwaka mgeni wake wa kwanza baada ya kivuko kusimama huwa ni Jouni. Alikuwa ameshaweka vikombe mezani.

"Umefika, kijana. Kaa. Kahawa hiyo, maandazi hayo."

"Asante, Helvi. Nimeshakula."

"Kila mwaka umeshakula. Ulikula wapi? Njia nzima ni barafu na kunguru!"

Jouni alitabasamu, akakumbatia kikombe kwa mikono miwili. Baridi haikumtoka hata Julai, katikati ya kiangazi.

Helvi alimtazama. "Marehemu Eino wangu hakuweza kulia mbele ya mtu," alisema. "Nilikuwa namgeuzia mgongo, naosha vyombo, yeye analia. Tuliishi vizuri tu hivyo. Sasa mimi nageukia dirishani. Kuna ndege pale kwenye kihori cha mbegu, nitawaangalia. Wewe fanya utakavyo."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, ndege wamepata mtazamaji."

Akageuka. Jouni alilishika andazi, akalirudisha, akalishika tena. Kahawa ikapoa. Machozi yakamtoka, na Helvi hakugeuka. Aliwasema ndege kwa sauti: yule mnene mchoyo, yule mdogo mwizi.

"Nigeuke?" aliuliza baadaye.

"Bado," alisema Jouni, na mdomo wake ulikuwa umejaa.

Alikula nusu. Wakati wa kurudi, hatua chache kutoka ufukweni, alisikia barafu ikiguna chini yake. Alisimama. Aliinua mguu wa kushoto, akaona alama ya kisigino, ya kina, yenye mistari yote ya soli. Ilikuwa yake. Aliogopa, na chini ya hofu hiyo palikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. "Kumbe nipo," alisema, ingawa hapakuwa na mtu. Kisha akaendelea kutembea, na hofu ikaila ile nusu ya andazi kabla hajafika katikati ya ziwa. Alama ya pili haikutokea.

Kabla mwezi haujaisha barabara ilifunguliwa, mapema kuliko mwaka wowote ambao watu waliukumbuka. Mkuu wa ofisi, Marketta Saukko, alikuja kibandani na keki ya krimu yenye jina la Jouni lililoandikwa kwa chokoleti. Hivyo ndivyo wanavyoshukuru kule. Hakuna jema linalopita bila keki. Wafanyakazi walipanga mstari na sahani zao. Jouni, ambaye kwa miaka alikuwa akisimama karibu na mlango, alichukua sahani naye akapanga.

"Weee!" Pekka alipiga kelele. "Sahani hiyo ya nani? Ukila keki wewe, kesho tunakuvua kwa wavu!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Pekka hakuwa na ubaya. Alimpenda Jouni kwa namna yake. Marketta alimpokonya Jouni sahani taratibu, akamwekea kikombe cha kahawa mkononi.

"Mwacheni. Ana nidhamu ambayo sisi wengine tunaisikia tu redioni."

Wakaanza kula. Herufi za jina lake ziligawanywa, kila mtu na yake.

"Marketta," alisema Jouni, "mimi ni mgonjwa."

Mashine ya kahawa ikakoroma. Wengine waliangalia sahani zao.

"Siwezi kula. Nimejaribu peke yangu, siwezi. Naomba nipewe likizo nikatibiwe."

Marketta alimtazama kwa upole, na upole huo ndio uliomkatisha tamaa. "Novemba inatuchosha sote, Jouni. Msimu ukiisha tutakaa tuzungumze vizuri. Watu wa kisiwani wanakutegemea wewe." Alijifuta krimu kidoleni. "Halafu, wamenipigia simu kuna bonde limeingia kwenye barafu, karibu na ufukwe wa kule. Lina umbo la kisigino. Kalizungushie matawi, magari yapite mbali nalo."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha. Aliyasema mchana kweupe, kibanda kimejaa, na yakafichwa na waliokuwa wakila keki yake.

Alikwenda. Alichomeka matawi ya msonobari kukizunguka kisigino chake mwenyewe, kama kanuni inavyotaka kwa kila dosari ya barabara, akarudi gizani akiwa ameivuta kofia machoni.

Masika barafu ikayeyuka. Kisigino hakikuyeyuka. Kilibaki juu ya maji pale pale, na matawi yamesimama kukizunguka. Nahodha wa kivuko aliusogeza mkondo wake kidogo kuelekea kusini, na wavuvi wakazoea kukipita upande wa kulia. Jouni naye aliendelea kuvuka kwa miguu, kwa kuwa maji hayakuona tofauti.

Mazungumzo ya mwisho wa msimu yalifanyika, maana Marketta ni mtu wa ahadi. Alimwambia Jouni kwamba, kwa vile hahitaji tena barafu, kazi yake sasa itakuwa ya mwaka mzima: atapeleka dawa na vifurushi kivuko kinapokuwa kwenye matengenezo. Kuhusu kile kisigino, ofisi inaweza kuvumilia kimoja. Ila asiongeze kingine. Akampa mkono, akampongeza, na Jouni akasema asante.

Siku nyingine huwa anapitia pale kwanza. Anaingia kati ya matawi, anauweka mguu wa kushoto ndani ya alama, na unaenea sawasawa. Ni hapo tu ziwani maji yanapoigusa buti yake. Anasimama mpaka ubaridi upenye soksi, kisha anakwenda kwa Helvi.

Helvi anamwekea kahawa na andazi moja, anageukia dirishani. Ndege wa kiangazi ni wengine, anawatafutia majina mapya. Kahawa inapoa. Nyuma yake hasikii kutafuna wala kiti kulia.

"Nigeuke?" anauliza.

"Bado," anasema Jouni, na mdomo wake ni mtupu.