Mafundo Matatu ya Uzi Mwekundu

Fundi alikuwa na sheria moja aliyoiheshimu kuliko zote alizofunzwa utotoni: fundo halionekani. Uzi uanzie ndani na uishie ndani, na anayetaka kujua ulifungwa wapi, avue nguo aigeuze. Sheria hiyo aliipata kwa mama mkwe wake, na aliipata kwa machungu, maana kabla mama yule hajawa mkwe alikuwa mwalimu wake wa ushonaji, na kabla ya kusema "umeamkaje" alikuwa akisema "fumua."

Fumua. Fundi alifumua kola, alifumua zipu, alifumua mifuko ya sare za shule mpaka wembe ukamwotesha sugu kidoleni. Wenzake darasani, wengine hata mkasi hawajui unashikwa upande gani, waliambiwa siku mojamoja, "Hapa sina la kufumua," na siku hiyo walirudi kwao kwa madaha. Yeye hakuambiwa hata mara moja. Akaolewa na mtoto wa mwalimu, akadhani sasa mambo yatalainika. Asubuhi ya harusi mwalimu akaligusa gauni ambalo bibi harusi alilishona mwenyewe kwa miezi miwili, akabana midomo, akasema mabega yamepanda. Bibi harusi akafumua mabega yake akiwa amekwisha kupakwa wanja, na wageni wanasubiri nje. Atakayekwambia mambo kama hayo ni ya kusahau, mpe wembe akafumue ya kwake.

Miaka kumi na miwili ikapita. Mama mkwe akapofuka, jicho moja kisha la pili, akahamia kwa mwanawe, chumba cha nyuma kinachopakana na chumba cha cherehani. Ungedhani na ulimi nao ungepungua makali. Wapi! Alizipapasa nguo za wateja zilizotundikwa ukutani, akasema bila kuulizwa, "Pindo hili limekwenda upande." Na lililomuudhi Fundi zaidi ni kwamba pindo lilikuwa limekwenda upande kweli.

Wakaishi hivyo, kila mmoja na fundo lake moyoni.

Aliyecheka na mzee huyo katika nyumba nzima alikuwa mmoja tu: binti wa Fundi, mwenye miaka minane, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo usiopoa. Chiriku na bibi yake walikuwa na michezo yao, na mmoja ulikuwa wa nyuzi. Fundi aliwasikia nyuma ya pazia huku akikanyaga cherehani.

"Fundo moja?" bibi anauliza maana yake, akipapasa uzi aliopewa.

"Ndiyo!"

"Mawili?"

"Hapana!"

"Matatu?"

"Kaa!" Chiriku anapiga kelele, na wote wawili wanaangua kicheko.

Jioni, mzee akitaka mjukuu asimkimbie mapema, humtilia kiganjani uzi wenye mafundo matatu, na mtoto anakaa. Katika yote hayo Fundi alilosikia ni moja, kwamba nyuzi zake zinachezewa. "Uzi hauokotwi njiani," alisema kwa sauti ya kuvuka pazia, akaendelea na kazi.

Wiki tatu kabla ya sikukuu, wifi yake, dada wa mume, akapiga simu: atakuja siku yenyewe ya sikukuu kumchukua mama, akaishi naye huko kwake, safari ya siku mbili kwa gari. Mezani siku hiyo mzee aliweka kikombe chini taratibu.

"Sijafukuzwa," alisema. "Nisije nikawasingizia. Ila tangu nimeingia nyumba hii hakuna aliyeniambia kaa. Mtu mzima hakai mahali kwa kusahaulika tu, kama mwavuli wa mgeni. Nikiambiwa, nitakaa. Nisipoambiwa, nitakwenda."

Mume wa Fundi alikuwa seremala wa milango, na ndani ya nyumba yake alikuwa mlango vilevile: hufunguka kwa anayesukuma. Akamtazama mkewe. Mkewe akaitazama chai.

Neno lilikuwa fupi, herufi tatu tu, na Fundi alilihisi limekaa juu ya ulimi. Alijua vizuri kwamba mzee akiondoka nyumba itakuwa na pengo, na kwamba mtoto ataumia. Lakini alijiambia: miaka yote hii ananifumua, halafu nimbembeleze? Anisifu kwanza. Aniambie mara moja tu kwamba najua kushona, nami nitamwambia kaa, hata kwa magoti. Basi akanywa chai yake na neno lake.

Kisha akamvuta mtoto jikoni.

"Nisikilize vizuri. Sitaki umlilie bibi yako abaki. Usimsihi, usimwombe, usitie neno."

"Hata moja, mama?"

"Hata nusu. Mdomo wako huo nitaushona."

Na kwa kuwa mama alikuwa fundi kweli, mtoto aliamini.

Sikukuu ile zawadi zote zilitengenezwa nyumbani. Fundi alitandika mkeka sebuleni, akamwaga kapu la mabaki ya vitambaa, maboksi ya biskuti, vifungo visivyo na wenzao, na bakuli la gundi aliyoikoroga kwa unga. Baba angepata fremu ya picha ya vipande vya mbao alivyovitupa mwenyewe karakanani. Shangazi angepata kadi yenye maua ya vifungo. Bibi angepata mto mdogo wa kuegemezea shavu safarini.

"Na wewe yako ni siri, mama," alisema Chiriku.

Mtu akisikia mama na mtoto wanatengeneza zawadi mkekani huona picha nzuri moyoni. Aifute. "Huu mshono umeshonwa na kuku?" mama aliuliza. "Fumua." Mtoto akafumua. "Nyota gani hii yenye miguu sita, ni nyota au buibui? Kata nyingine." Mtoto akakata nyingine. Sindano ikamchoma, tone la damu likaingia kwenye kadi ya shangazi, mama akasema bora kitambaa kimepona. Samaki mkunje angali mbichi, alijisemea, na kwa kweli alikunja mpaka samaki akakaribia kuvunjika. Neno "fumua" lilimtoka kwa sauti ileile ya chumba cha nyuma, na yeye hakulisikia.

Siku ya nne Chiriku akaomba aumalize mto wa bibi peke yake, tena akaomba uzi mnene mwekundu.

"Uzi mwekundu juu ya kitambaa cha bluu?"

"Bibi haoni rangi, mama."

"Watu wanaona."

Lakini alimpa. Mtoto akajifungia na mto wake mchana kutwa bila kusema, jambo ambalo lingemshtua mama yeyote wa mtoto anayeitwa Chiriku. Alitoka na furushi limefungwa kwa gazeti na utepe, akaliweka kabatini, akalitazama mara mbili kabla ya kufunga mlango.

Mkesha wa sikukuu, saa nane mchana, mzee amelala, Fundi akamtuma mtoto kupeleka gauni la mteja mtaa wa pili. Kisha akafungua kabati, akafungua utepe, akafungua gazeti.

Mafundo! Nje, juu ya mshono, yamevimba wazi kwa kila mwenye vidole. Mafundo matatu, nafasi. Matatu, nafasi. Matatu tena, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, pande zote nne za mto. Aliwaza vidole vya mama mkwe vikipita hapo mbele ya wifi, mbele ya mume, na sauti ikisema, "Hivi ndivyo unavyomfundisha mtoto?" Akachukua wembe.

Alifumua kwa mkono wa mtu aliyeanza kazi hiyo akiwa msichana. Matatu, matatu, matatu. Yalikuwa mafundo thelathini na sita, na hakuna hata mahali pamoja palipokuwa na mawili au manne. Mtoto gani anakosea kwa mpango namna hii? alijiuliza, na hakungoja jibu. Akatunga uzi wa bluu, akaushona mto upya kwa mshono wa kuficha, mmoja baada ya mmoja, mdogo, uliolingana, mshono bora kuliko wowote aliowahi kuushona. Alijiambia anafanya hivyo mtoto asiaibike. Alijidanganya, na alijua. Vipande vyekundu akavifagilia kwenye kapu la mabaki, akafunga gazeti kwa mikunjo yake ileile, akarudisha furushi mahali pake.

Siku ya sikukuu wifi alifika mapema, gari likiwa limeelekezwa barabarani kabisa. Begi la mzee lilikuwa mlangoni. Zawadi zikatolewa haraka haraka. Baba akaipokea fremu akasema mbao nzuri hizi zimetoka wapi, shangazi akaichekea kadi yake, na Chiriku akamwekea bibi yake furushi mapajani huku miguu haitulii.

"Bibi, usifanye haraka. Pitisha vidole ukingoni."

Mzee akalifungua. Akapitisha vidole upande wa kwanza, polepole, kichwa ameinamisha. Upande wa pili. Akaugeuza mto. Upande wa tatu, wa nne. Akarudi wa kwanza.

"Ukingoni, bibi," alisema Chiriku. "Hapo hapo."

"Niko hapo, mjukuu wangu. Hakuna kitu."

Mtoto akauvuta mto, akautazama. Uzi wa bluu. Mshono ulionyooka. Akainua macho kwa mama yake, na hakulia, hakupiga kelele. Alimtazama tu, kama mtu anayesoma jina juu ya mlango ahakikishe amefika nyumba sahihi.

Mzee aliuchukua tena mto, akaupapasa mara ya tatu, na safari hii uso wake ukabadilika.

"Huu si mkono wa mtoto," alisema. Akageuza uso pale Fundi alipokuwa amesimama, bila kukosea hata hatua. "Ni wako. Mke wa mwanangu, hapa sina la kufumua."

Hilo hapo. Miaka kumi na miwili, na ile aliyokaa darasani juu yake. Machozi yakamtoka Fundi, na moyo ukamjaa furaha tupu, ya kitoto, isiyotazama kulia wala kushoto. Alikuwa na deni la neno moja, aliliahidi mwenyewe. Akafungua kinywa.

"Asante, mama," alisema.

Mzee akasubiri kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akampata mtoto begani.

"Chiriku. Ulitaka kuniambia kitu?"

Chiriku akamtazama mama yake, ambaye hushona midomo.

"Hapana, bibi."

Bado mzee alikaa. Alikaa uso ameuinua, mikono juu ya mto, kama mtu aliyebisha hodi na anasikia kabisa kuwa ndani wamo watu. Wifi akasema njia ni ndefu. Baba akakohoa. "Haya," alisema mzee, akaitafuta fimbo yake. Fundi alipokumbuka neno lake, fimbo ilikuwa imeshagonga kizingiti, na kumkimbilia mtu mbele ya wifi, na majirani nje, akaona ni fedheha. Nitampigia simu akifika, aliwaza. Gari likaondoka.

Nyumba ilipotulia akaingia kufagia chumba cha cherehani. Kapu la mabaki lilikuwa limejaa, akaliinua kulimwaga, kipande cha uzi mwekundu kikamnasa kwenye mkono wa nguo. Kilikuwa na mafundo matatu. Alikishika apate kukitupa, kidole gumba kikapita juu yake, moja, mawili, matatu, na papo hapo akazisikia sauti mbili nyuma ya pazia na kicheko kilichofuata. Akakaa chini sakafuni, kapu mapajani. Akakwangua mabaki kwa kucha, akatoa kipande kingine, na kingine. Kaa. Kaa. Kaa. Mara kumi na mbili mtoto alikuwa amemwambia bibi yake akae, na mara kumi na mbili mama mtu alikata kwa wembe.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Fundi yalikuwa mtoto wa kumzaa, na yalikuwa yamesimama mlangoni yakimtazama.

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi aliuliza, mikono imejaa nyuzi.

"Ulisema nisitie neno," alijibu Chiriku. Hakusema kwa hasira. Akamnyooshea mkono. "Na hii ni yako, mama. Zawadi yako."

Kilikuwa kimto kidogo cha kuchomekea sindano, duara, kinachoenea kiganjani, cha kitambaa kile alichokipenda Fundi kuliko vyote kapuni. Kazi safi. Uzi ulianzia ndani ukaishia ndani.

"Nilikuwa nimeweka mafundo," alisema mtoto. "Nimeyafumua sasa hivi."

"Yalikuwa mangapi, mwanangu?"

Chiriku akainua mabega. "Sikumbuki."

Akaenda chumba cha nyuma, akafunga mlango. Fundi akapitisha kidole ukingoni mwa kile kimto, akazunguka nacho mara moja, akarudia, akitafuta vitundu vilivyoachwa na sindano angalau avihesabu. Lakini kilikuwa kitambaa cha pamba, na pamba ikishafumuliwa hujifunga.