Mlango wa Shangazi Hester

Natangaza rasmi, mbele ya mataifa yote na vizazi vijavyo, kwamba lori lililoikomboa Ulaya limeegeshwa nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, hapa Kent. Ukweli ni kwamba huenda lilibeba viazi tu, na baada ya vita likawa banda la kuku.

Shangazi Hester, daktari wa meno mstaafu, alilitoa kwenye magugu ya mkulima mmoja, nusu limeoza. Akalitibu kama kinywa kibovu: alikwangua kutu kwa vyuma vyake vya kliniki, akafungua kila nati, akairudisha inang'aa. Mimi nikitoka shule ya bweni likizoni humshikia tochi. Injini ikiwaka, yeye husimama amekunja mikono, kama mama anayemsikiliza mwanawe akighani shairi.

Jambo moja lilimnyima raha. Kwenye maonyesho yetu ya magari ya jeshi, msafara huongozwa na gari lenye ushahidi kwamba lilikuwa vitani. Lake halikuwa na hati wala namba. Wenzake walimwambia, kwa upole unaoudhi, kwamba pengine halikuwahi kuiona hata kambi. Ushahidi wa mwisho hutafutwa chini ya rangi: unasugua kwa msasa, tabaka baada ya tabaka, mpaka alama za askari, kama jina walilolipa gari lao, zijitokeze.

Kwa ukarimu wangu unaojulikana shule nzima, niliusaidia ushahidi. Shangazi alipokuwa safarini, niliandika DORIS kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa dereva, nikalifunika jina kwa kijani. Siku ya maonyesho nikamnong'oneza mkaguzi, Bwana Pargeter, asugue pale pale.

Pargeter ni mtu wa kukununia mwaka mzima kwa skrubu moja isiyo ya zama za gari. Alisugua. Ikatokea D, kisha O, watu wakasogea. Jina lilipokamilika alipapasa kingo za mlango, akaugonga kwa kidole, akasikiliza.

"Mlango wa kiwandani huu, wa wakati wa vita," akasema. "Siku hizi hakuna fundi anayeiweza kazi hii. Daktari, msafara ni wako."

Watu walipiga makofi, mimi kuwashinda wote. Shangazi alikuwa ameiva uso. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Kiwanda gani?" akauliza. "Mlango huo nimeukata mwenyewe, karakanani kwangu, majira ya baridi yaliyopita. Nimeukunja mimi, nimeuchomelea mimi."

Majira hayo mimi nilikuwa bwenini, nikikariri Kilatini.

Pargeter aliinama tena kutafuta mshono, asiuone. Akavua kofia. "Basi msafara umeukosa, Daktari."

"Nimeukosa," Shangazi akasema, kifua mbele kama aliyevishwa nishani. "Ila hebu rudia lile la mwanzo. La hakuna fundi anayeiweza."

Akalirudia, na safari hii hata wa banda la chai walisikia.

Nilikuwa nimeanza kurudi kinyumenyume, taratibu, Shangazi aliponiita bila kugeuka.

"Ambrose, baba. Huyu Doris alipigana vita gani kwenye mlango wangu?"

Nilifikiria kuzimia, lakini nyasi zilikuwa na matope.

"Ni mimi, Shangazi. Nimeandika mimi. Doris ni mpishi wa shule yetu."