Ufa Chini ya Karatasi

Ukitaka kujua kama sakafu ya kupashwa moto, ile ambayo moshi wa jiko hupita chini yake, imekaa sawa, usiyaamini macho yako. Jaza jiko nyasi mbichi na majani ya msonobari, washa, ziba bomba la moshi kwa gunia lililoloa, kisha lala kifudifudi chumbani na taa yako. Palipo na ufa, moshi utachungulia. Tia alama ya chaki, ziba, subiri, rudia. Haya alinifunza mume wangu Pil-gu, na katika mji mzima wa Incheon sikumwona fundi sakafu wa kumshinda. Yeye alikuwa akijenga njia za moshi chini, anapanga mawe, anapiga lipu. Mimi namalizia juu kwa karatasi nzito, gundi ya unga wa ngano na mafuta.

Jambo la pili ni kwamba karatasi haizibi kitu, inaficha tu. Hilo sikufunzwa na mtu.

Mwaka wa sabini na moja, baridi inaanza, Bibi Noh alituita tumtengenezee chumba katika nyumba kuukuu aliyoinunua karibu na reli. Wa kuhamia walikuwa yeye, mwanawe aliyefanya kazi za zamu bandarini, na mkewe Kum-ja, mwenye mimba ya miezi mitano. Bibi Noh alikuwa na ulimi wa kukata nyama, na aliyekatwa kila siku alikuwa Kum-ja.

"Bibi, lipu bado mbichi," Pil-gu alimwambia. "Nipe siku nne. Ikauke polepole, niipime kwa moshi, ndipo Mama Chol huyu aweke karatasi."

"Siku nne! Kesho kutwa ndiyo siku isiyo na mizimu, ya kuhama bila mkosi. Nikiikosa hiyo, mpaka siku tisa zipite. Nitakaa wapi, kichwani kwako?"

"Mizimu niachie mimi, nitaongea nayo."

"Kaongee nayo kwenu. Mjukuu wangu hataingia nyumbani na mkosi eti kwa sababu fundi anapenda kulala kifudifudi."

Kum-ja akacheka, mkono mdomoni.

"Na wewe unacheka nini? Wali wenyewe unakushinda!"

Asubuhi yake Pil-gu aliitwa mtaa wa pili, bomba la moshi limeanguka. Aliniambia nisiguse sakafu mpaka arudi. Nilipofika nilikuta Bibi Noh amewasha makaa tangu jana, yale ya duara yenye matundu, ili lipu ikauke upesi. Ilikauka kweli. Na pale karibu na jiko, panapopata moto zaidi, ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele, urefu wa shibiri moja.

Niliuona. Nauona hata sasa. Bibi alikuwa mlangoni akiniuliza kama karatasi inajitandaza yenyewe, na mimi nilikuwa nimechoka, na nilimwogopa. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, kwa karatasi mbili badala ya moja.

Pil-gu aliporudi jioni alikuta sakafu ya manjano inang'aa, na vyungu vya kwanza vimeshapangwa uani. Akaninong'oneza, "Ilikuwa safi?"

"Safi kama sahani," nikamjibu.

Walihama siku yao isiyo na mizimu. Asubuhi ya tatu jirani alikuja mbio kutuita. Mwanawe Bibi alikuwa bado kwenye zamu. Bibi Noh alikuwa ameamka kichwa kinapasuka, akatambaa hadi mlangoni, kisha akarudi kumkokota mkwewe kwa makwapa mpaka uani. Tulimkuta akimnywesha maji ya figili zilizochachuka, kama wafanyiwavyo walioleweshwa na gesi ya makaa. Yale maji yalikuwa yakimtoka Kum-ja kando ya mdomo. Alikuwa ameshapoa, yeye na aliyekuwa tumboni.

"Nilimpisha pale pa joto," Bibi Noh alikuwa akisema, na hakuwa akimwambia yeyote. "Mahali pangu mwenyewe. Nilimwambia, lala hapa, mtoto asipate baridi." Majirani waliinamisha vichwa. Katika miaka yote waliyomjua, hawakuwahi kumsikia akimpa Kum-ja kitu kizuri.

Baada ya mazishi alituita mimi na Pil-gu. Alikuwa amekonda ghafla. Akaonyesha pale karibu na jiko, akasema, "Inueni."

Nilikata kwa kisu changu cha kazi. Karatasi ya kwanza ilitoka, kisha ya pili, na Pil-gu akazitazama zote mbili. Chini yake ulikuwa ufa ule ule, sasa mweusi wa masizi toka mwanzo hadi mwisho.

"Huu nani aliuona?" Bibi Noh akauliza.

Nikafungua mdomo.

"Mimi, Bibi," Pil-gu akasema. "Nikaudharau."

"Kwa hiyo si mimi? Si kwa kuwa nilimlaza hapa?"

"Si wewe. Ni mimi."

Bibi alimtemea mate usoni, kisha akakaa chini akalia. Pil-gu hakujifuta mpaka tulipotoka njiani. Nami nilinyamaza, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Hakuna aliyemwita tena kujenga sakafu. Akaenda kubeba magunia bandarini, na mimi wanawake wakaendelea kuniita niwawekee karatasi. Nikaweka. Hakuniuliza lolote, siku ile wala miaka kumi na tisa iliyofuata, mpaka nikamzika.

Ila katika chumba chetu, pale karibu na jiko palikuwa pake, kama ilivyo kwa mwanamume wa kila nyumba. Kuanzia baridi ile alihamishia hapo tandiko langu, yeye akalala mlangoni.

"Rudi mahali pako, Baba Chol," nilikuwa nikimsihi. "Baridi itakuua."

"Lala tu, Mama Chol," alikuwa akinijibu, amenipa mgongo. "Hapo nimepapima kwa moshi."