Gramu Mia Saba za Mzee Melkizedeki

Mzee Melkizedeki alishuka kutoka Mhezi na basi la asubuhi, redio kwapani, mizani yake ya kupimia tangawizi begani. Asteria, fundi redio wa stendi ya Same, alikuwa ananyonyesha nyuma ya meza yake.

"Shikamoo, babu. Redio imegoma tena?"

"Marahaba. Inaimba kuliko kwaya. Ila nilikuletea kilo nne na nusu, umenirudishia tatu na gramu mia nane. Hizo mia saba umezipika?"

Asteria akacheka. Mzee hakucheka. Kufika saa nne wako mbele ya baraza la mtaa, na mwenyekiti Zebedayo ameshatamka kuwa fundi mwizi hapewi meza stendi. Asteria akamkumbatia mwanawe Priska. Meza ile ndiyo karo ya masomo yake ya jioni, ndiyo uji wa mtoto.

Akaeleza kwamba alibadilisha bodi, kile kibao cha ndani kinachobeba vipande vya umeme, akaweka mpya iliyo nyepesi. Bodi ya zamani, ile ya kahawia iliyoungua, njia zake zilichorwa kwa mkono, ikachovywa kwenye asidi, ikatobolewa tundu moja moja, ikapandwa vipande vinene kama maharage. Sasa imekatwakatwa, wanafunzi wa jioni wanajifunzia. "Siku hizi nachora kwenye kompyuta ya darasani, natuma mchoro China kwa mtandao. Kiwandani wanabandika tabaka nne pamoja, mashine inapanga vipande vidogo kama chawa. Bodi inakuja kwenye bahasha."

"Bahasha!" Baraza zima likaangua kicheko. Mjumbe Loth, aliyewahi kubadilisha balbu ya ofisi na tangu hapo anaitwa Injinia, akatikisa kichwa. "Kinachokaa kwenye bahasha ni barua, binti."

"Babu, hiyo simu mfukoni mwako ina bodi ya tabaka kumi. Mbona hujaipima?"

"Usinichanganye. Simu ni simu."

Hukumu ikatoka: arudishe gramu mia saba kabla ya adhuhuri, la sivyo meza basi.

"Za nini, mwenyekiti?"

Zebedayo akawatazama wajumbe. Wajumbe wakatazama dari.

"Za uzito."

Nje, lori la jasi, yale mawe meupe laini ya Makanya, lilikuwa limeruka tuta na kumwaga mabonge. Asteria akaokota moja, akaligongagonga hadi mizani ikaridhika, akalifunga kwa kipande cha kanga, akalikaza ndani ya redio mbele ya macho yao wote. Kilo nne na nusu kamili. Mzee akawasha, ikaimba vilevile. Uso ukamchanua.

"Hii sasa ndiyo redio! Mwanzo ulinipa ganda."

Meza ikabaki. Wiki iliyofuata ikawa foleni. "Mama Priska, ni wewe unayerudisha na uzito?"

"Ni mimi, karibu."

Chini ya meza kuna bahasha za bodi mpya na kiroba cha jasi. Kila bonge analiandika kwa kalamu, asije akaitwa mwizi tena: *Hili ni jiwe, halifanyi kazi yoyote.* Mpaka leo aliyefungua na kusoma ni mmoja tu, Injinia.

Alirudi kesho yake kuuliza kama lipo kubwa zaidi.