Kompyuta Kwenye Mkeka wa Kahawa

Mwaka 1991 niliripoti kazini katika ofisi ya wilaya, Karagwe, nikiwa na shahada, viatu vipya na pendekezo la kurasa saba. Nilitaka mwananchi asizungushwe tena. Barua zote za kuthibitisha kuzaliwa zitoke kwenye kompyuta, niliandika, na mashine za taipu zirudishwe stoo, tusije tukashawishika kurudi nyuma. Wakubwa walilipitisha kwa siku mbili. Siku ya tatu mashine za taipu zikafungiwa. Kompyuta ilifika baada ya wiki tano, na katika wiki hizo tano hakuna mtoto aliyethibitishwa kuzaliwa Karagwe.

Ilikuja Jumanne juu ya lori lenye turubai lililotoboka, mvua ikinyesha. Mtunza stoo, Mzee Polikarpi, alikuwa amefanya kazi miaka ishirini kwenye chama cha ushirika, na fomu pekee ya kupokelea mali aliyokuwa nayo ilikuwa ya kahawa.

"Unyevu umezidi," alisema, akiipapasa kwa kiganja. "Siwezi kuipokea."

"Mzee, hii ni kompyuta!"

"Hata kahawa ya maganda ina jina lake, mwanangu, na bado naianika."

Akafungua skrubu, akaitandaza uani juu ya mkeka, akawa anaigeuza kila saa. Wingu likitanda tu, alipiga kelele na ofisi nzima ikatoka mbio kuianua. Mimi nilibeba kioo.

Hapo mkekani ndipo aliponikuta Anonciata, mkulima wa kijiji cha Ihanda. Ilikuwa mara yake ya nne kuja. Yeye alizaliwa Rwanda, lakini binti yake Eugenia alizaliwa Ihanda, na chuo cha uuguzi Bukoba kilitaka barua ya kusema hivyo. Basi lingeondoka Jumamosi alfajiri. Bila barua, nafasi angepewa mwingine.

"Shikamoo mama," nilisema. "Ijumaa itakuwa tayari."

"Marahaba. Ijumaa ya mwaka huu?"

Akachuchumaa, akawa ananisaidia kufukuza kuku wasidonoe vitufe vya herufi.

Ijumaa alirudi na Eugenia. Polikarpi alijaza fomu yake: uzito, unyevu, daraja la kwanza. Tukaiunga kompyuta, skrubu mbili zikabaki, tukawasha jenereta. Kioo kikang'aa! Niliandika maelezo ya Eugenia kwa kidole kimoja, na jina lake lilipotokea mama yake akapiga vigelegele. Nilitaka kulia.

"Haya," alisema Polikarpi, "sasa itoe barua."

Nikaitazama mbele. Nikaitazama nyuma. Chuo kikuu nilikuwa nimeona kompyuta mara moja tu, kupitia dirishani, karatasi zikitoka kwenye kisanduku cha pembeni. Kumbe kisanduku kile huagizwa peke yake, na katika kurasa zangu saba hakikuwamo.

Anonciata alinisoma uso. "Basi nipeni ngata," alisema. "Nitaibeba kichwani hadi Bukoba, wakaisome hukohuko."

"Dizeli imebaki ya dakika chache," alisema Polikarpi.

"Mzee, nipe mashine moja ya taipu."

"Zimezuiwa."

"Na nani?"

"Na wewe. Sahihi yako hii hapa."

Nilichukua kalamu, nikaandika mstari mmoja wa kufuta kurasa saba. Polikarpi aliusoma mara mbili, kisha akafungua kufuli.

Eugenia alisogea kwenye kioo akasoma kwa sauti, mimi nikigonga. Alipofika kwenye neno Ihanda alilirudia, ingawa nilikuwa nimeshalipata. Nikamwacha. Jenereta ikakoroma, ikakohoa, kioo kikazimika kabla ya jina la baba.

"Hilo nalijua," alisema, akaendelea.

Tulipiga muhuri ofisi ikiwa inafungwa. Anonciata aliikunja barua mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akafunga tena fundo la pili. Nilianza kumwomba radhi, kwa wiki tano, kwa safari zake zote.

"Pole ya nini, mwanangu?" alisema. "Huyu anaondoka kesho. Mdogo wake ana miaka kumi na tano, kwa hiyo una miaka mitatu kabla ya barua yake. Tengeneza polepole."