Nia Aliyoitoa Mama Bertilla

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba za Katandala, mjini Sumbawanga, na manyunyu ya baridi yalianza kabla ya kengele ya misa ya kwanza. Bertilla alikuwa jikoni akikoroga uji wa ulezi. Mdogo wake Lydia, mwanafunzi wa kidato cha sita, alikaa kwenye kigoda karibu na moto akipaka viatu vya shule rangi, na kama kawaida yake alikuwa akijikumbusha baiolojia kwa sauti.

Alieleza jinsi figo zinavyochuja damu. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua. Alipofika mahali pagumu alikohoa kikohozi kikavu cha mzee mvuta sigara, kisha akasema, "Twende taratibu, wapendwa, huku hakuna breki."

Bertilla akaacha kukoroga. Kikohozi kile kilikuwa cha Mwalimu Loth, na maneno yale yalikuwa ya Mwalimu Loth, anayefundisha watu wazima jioni katika darasa la kuazima la shule ya msingi. Lydia hakuwahi kumwona Mwalimu Loth. Somo la figo lilikuwa la jana jioni. Bertilla alikaa dawati la mbele, akaandika, akauliza swali, akarudi nyumbani nalo lote kichwani. Sasa alilitafuta. Alikumbuka taa ya darasani. Alikumbuka kwamba Ngeleja, mwanafunzi mwenzake, alichelewa akaingia na matope. Lakini somo lenyewe halikuwepo. Mahali pake palikuwa peupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

"Umelitoa wapi hilo?" aliuliza.

"Nimeamka nalo," Lydia alisema. "Dada, uji unaungua."

Mama yao, Dominika, aliingia na kuni, akazitua, akapangusa uso kwa khanga. "Ni nia yangu," alisema. "Niliitoa Alhamisi kwenye jumuiya."

Familia za jirani hukutana kila Alhamisi kusali, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, na kila mtu hutaja nia yake kwa sauti. Alhamisi hiyo walikuwa kwa Mzee Adolfu, mwenyekiti wa jumuiya. Bertilla alikuwa darasani. Mmoja aliombea mguu wake. Mwingine alimwombea mwanawe anayevua samaki Kabwe. Dominika alipofikiwa alisema: "Masomo ya jioni ya mwanangu Bertilla ninamtolea Lydia." Wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaendelea na mtu aliyefuata.

"Mama, ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini? Kichwa hicho si nimekizaa mimi?"

"Mtihani wa Mei na mimi naufanya. Ni ule ule."

"Wewe una mashine yako ya kufuma," mama yake alisema bila ukali. "Yeye ana nini? Kunyweni uji."

Wakanywa uji.

Bertilla alikuwa na miaka thelathini. Baba yao alipofariki, yeye alikuwa kidato cha pili na Lydia alikuwa bado akibebwa mgongoni. Ndugu walikaa kikao, wakaona wasichana wawili hawawezi kusomeshwa, na kwa kuwa mkubwa alikwisha kuanza kuota mikono ya kazi, wakampa mashine ya kufuma masweta ya shule. Sumbawanga ni mji wa baridi, masweta hayakosi wateja. Alifuma ya watoto wa watu, akafuma na ya Lydia, kila mwaka akiongeza urefu wa mikono. Baadaye, kwa masomo ya jioni na rozari nyingi, alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Sasa alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita. Alitaka chuo cha afya. Alikuwa amemwambia Mungu peke yake, maana wengine wangemuuliza masweta atamwachia nani.

Jioni hiyo alimweleza Mwalimu Loth mambo yalivyo. Mwalimu alitafakari, akafuta ubao.

"Basi mwambie mdogo wako kesho tunaanza urithi wa sifa," alisema. "Alale mapema."

Ngeleja, mtoto wa wafugaji waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao, aliinama kwenye dawati lake. "Mshukuru Mungu, dada. Wewe unaibiwa na ndugu yako. Mimi nasahau bure."

Darasa zima likacheka, na Bertilla pia alicheka kidogo.

Ikawa hivyo siku zote. Alichojifunza kilikaa naye usiku kucha na kuondoka alfajiri, jogoo wa kwanza akiwika. Alijaribu kukesha, hakikubaki. Alijaribu kulala na kitambaa alichojifunga kichwani, hakikubaki. Majirani waliulizia habari hizo kama wanavyoulizia mahindi. "Bertilla, jana mmesoma nini?" "Sijui, mwulizeni Lydia."

Lydia hakuwa mtoto mbaya. Hilo ndilo lililomchoma zaidi dada yake. Angekuwa mbaya, angemchukia akapumzika. Lakini Lydia alimshukuru kila asubuhi, akambebea ndoo, halafu akasema, "Dada, jana ulisinzia? Maana kwenye kemia katikati kuna shimo." Au, "Dada, leo usisome jiografia, jiografia ninayo ya kutosha." Alianza kuwa wa kwanza darasani. Mwalimu wao wa taaluma aliwaita wanafunzi bora ofisini, akawaonyesha vyuo na namna ya kuomba ufadhili, na Lydia akarudi na vipeperushi vyenye picha za majengo ya vioo. Bertilla alivipanga mezani, akavitazama kimoja kimoja. Aliona wivu kwa picha. Aliona wivu kwa viatu vya mdogo wake, ambavyo vilikuwa vinakwenda mahali.

Wivu huo haukuondoka alfajiri. Kila kitu kiliondoka, wenyewe ulibaki.

Jioni moja mwezi wa tatu hakwenda darasani. Alikwenda stoo, akawasha tochi, akasoma maneno yote kwenye mfuko wa mbolea ya kupandia mpaka akayajua kwa moyo. Kesho yake Lydia alikuwa na jaribio. Kwenye swali la seli aliandika kwamba mbolea iwekwe mbali kidogo na shina, isiguse mbegu, ihifadhiwe pakavu, na watoto wasiichezee. Alipewa sifuri. Alirudi nyumbani akilia.

"Dada, umenilisha nini?"

Bertilla aliosha vyombo akiimba. Alikuwa hajaimba tangu Krismasi.

Jumamosi akaenda kuungama. "Padre, namwonea wivu mdogo wangu."

"Kwa nini?"

"Anajua ninayosoma mimi."

Padre alisema wivu ni dhambi na kusoma kwa ajili ya mwenzako ni sadaka nzuri. Akampa malipizi: asali rozari nzima, na asome kwa bidii zaidi. Bertilla alitimiza yote mawili. Wiki hiyo Lydia alipata alama za juu ambazo shule yake haikuwa imeziona kwa muda mrefu.

Kisha tangazo likatoka. Bertilla ndiye aliyeliona kwanza, limebandikwa nje ya duka la steshenari, na mvua imelilowesha pembeni. Chuo kimoja cha afya kilitaka kumfadhili mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita kutoka Ukanda wa Ufipa, ada na malazi, na usaili ungefanyika hapo mjini. Chini liliandikwa kwamba watahiniwa wa kujitegemea nao wanaruhusiwa. Alisimama hapo mpaka mwenye duka akafunga mlango. Alisoma siku ya usaili, ukumbi, vyeti vinavyotakiwa. Njia nzima ya kurudi alitembea polepole, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni, na nyumbani hakumwambia mtu.

Alfajiri likaondoka. Bertilla aliamka na hasira asiyojua imetoka wapi.

"Mama, cheti changu cha kuzaliwa kiko wapi?" Lydia alikuwa akiuliza chumbani. Baadaye alitoka akamkuta dada yake akipuliza moto. Alisita. Angeweza kunyamaza. "Dada," alisema, "kuna ufadhili. Hata wewe unaruhusiwa. Imeandikwa."

"Nani kakwambia?"

Lydia akainamisha macho. "Nimeamka nalo."

Wote wawili wakaomba, wote wawili wakaitwa. Zikiwa zimebaki siku chache kwa usaili, Bertilla alipiga magoti mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu komunyo ya kwanza.

"Mama, rudisha nia yako siku moja tu. Siku ya usaili. Siku hiyo kila mtu aende na kichwa chake."

Dominika alikuwa akipepeta ulezi. Aliweka ungo chini, na macho yake yalilowa kweli. "Nimeshamtolea Mungu," alisema. "Nitamwambiaje, nikopeshe kidogo?"

"Hukumtolea cha kwako, Mama."

"Mtoto hana cha kwake." Akachukua ungo, akaendelea kupepeta.

Siku ya usaili Bertilla alivaa sketi ya misa. Walimuuliza kwa nini anataka kusomea afya. Alijibu kwa muda mrefu na vizuri, mpaka mama mmoja wa jopo akavua miwani. Kisha wakamuuliza jinsi moyo unavyosukuma damu.

"Sijui," alisema. "Jana jioni nilijua."

Yule mama akavaa miwani, akatikisa kichwa kwa huruma. "Tunawapata wengi wa namna hiyo," alisema. "Asante kwa kuja."

Lydia aliingia baada yake, akatoka baada ya muda mfupi, amechaguliwa.

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilikutana nyumbani kwao kumshukuru Mungu. Bertilla hakwenda darasani siku hiyo. Alipanga viti, akamimina chai. Watu walioingia walimsalimia mama yake "Mama Lydia." Miaka yote alikuwa Mama Bertilla, kwa mtoto wa kwanza kama ilivyo desturi. Dominika aliitika bila kugeuka.

Waliposali na kuimba, Mzee Adolfu akasimama, akakohoa, akashika fimbo yake.

"Jambo limebaki moja," alisema. "Mtoto anakwenda chuoni. Chuoni masomo ni magumu. Sasa huko nani atamsomea?"

"Shikamoo, mzee," Bertilla alisema, maana alikuwa hajamsalimia.

"Marahaba, mwanangu."

Watu wote walimgeukia, na vikombe vyao mikononi. Hakuna aliyemkazia macho kwa ubaya. Walimtazama kama wanavyotazama mbingu mwezi wa kumi na moja, wakijua mvua itakuja. Lydia alikuwa mlangoni, amejifunika sweta alilofumiwa.

Bertilla aliwaza kwamba anaweza kuacha. Kesho asubuhi mdogo wake angeamka mtupu, na keshokutwa pia. Lakini na yeye asingetembea tena njia ile ya jioni, kutoka darasani mpaka nyumbani, na moyo wa binadamu ukifanya kazi kichwani mwake, chumba kwa chumba, mlango kwa mlango, wake mwenyewe mpaka jogoo. Aligundua kwamba hilo asingeliweza.

Akasimama. Akafanya ishara ya msalaba, na wote wakafanya.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema. "Nitasoma kila jioni, mpaka Lydia amalize. Na kila asubuhi nitamwonea wivu. Huo ni wangu. Msiutolee nia, na msiniombee uondoke."