Tangazo Limepokelewa

Kaka yangu Jeremia alifariki Katonga Jumanne alfajiri. Kazi ya kumwarifu dada yetu Elida, aliyeolewa kule Kalya, niliichukua mimi. Kumpigia nikashindwa. Miaka kumi na tisa nimezurura Mpulungu, Kalemie, Bujumbura, sikumsalimu hata mara moja. Ningeanzaje?

Basi nikaenda kwa Verediana, binti jirani aliyeutengenezea ukoo wetu tovuti ya matangazo. Unaandika msiba mara moja, yenyewe inatuma ujumbe kwenye simu za wote. Nikaandika, nikabonyeza. Papo hapo ikajibu: Tangazo limepokelewa. Nikashusha pumzi.

Msibani wanauliza, "Elida kaambiwa?"

"Kaarifiwa," najibu. Kwa hiyo hakuna aliyempigia.

Tulingoja boti ya Jumatano kutoka Kalya. Ikafika, Elida hayumo. Hamdani, seremala aliyeleta jeneza, akanitania: "Bonifasi, ukoo wenu mna miguu mizito kurudi nyumbani." Watu wakacheka kidogo, hata mimi. Saa tisa tukazika.

Alhamisi nikamrudia Verediana. Akafungua kompyuta, akasoma.

"Babu, nisamehe. Kutuma ujumbe kwa watu mia na ishirini kunachukua muda. Nikapanga seva, ile mashine ya tovuti, ikujibu kwanza usikae kungoja, halafu ndiyo itume, mmoja mmoja. Umeme ulikatika ikiwa imefika wa thelathini na moja. Waliobaki ilikuwa nao kichwani tu, haikuwaandika popote. Ilipowaka tena haikumbuki kitu."

"Elida alikuwa wa ngapi?"

"Wa sabini."

"Lakini ilisema imepokea."

"Ilipokea kweli, babu. Kutuma ndiyo ilikuwa bado."

Alikuwa analia. Akasema kuanzia sasa foleni nzima itaandikwa kwenye diski, mashine ikizimika iendelee pale ilipoishia. Sikumgombeza. Simu nilikuwa nayo mfukoni tangu Jumanne.

Nikakaa kizingitini pake, nikapiga.

"Nani?"

"Bonifasi."

"Heh! Umefufuka? Jeremia yuko wapi, mbona simu yake imezimwa tangu juzi? Mwambie dagaa wake wameshakauka."

Nikamwambia.

Hakupiga yowe. Aliuliza nani alimvalisha, nani alitupa udongo wa kwanza.

"Mimi."

"Kunipigia ulishindwa, kumzika ukaweza?"

"Ndiyo, dada."

Akakata.